Mzee Anaongeza Muda wa Kukaa Kenya? Lipa Bili, Usilipe Mtu

Mteja wetu mmoja kule Watamu amemtunzia nyumba mzee Mwitaliano kwa miaka 11. Mzee ana miaka 79 na macho yake hayasomi tena maandishi ya simu. Kwa hivyo tokeni za stima, maji, dawa, mshahara wa mlinzi, vyote vinalipwa na huyu mama kwa simu yake. Mzee anampa pesa, yeye analipa, kisha anamwonyesha ujumbe.

Mwaka huu kibali cha mzee kilikaribia kuisha. Akatokea kijana anayejuana na jirani. "Mama, usisumbue Mzee na foleni. Mimi niko na mtu wangu ndani. Tuma kwa hii namba, wiki mbili kitu iko tayari." Mama akatuma pesa zote kwa mkupuo. Wiki mbili zikapita, zikawa sita, namba ikazimwa, na tarehe ya kibali ikapita.

Alipotupigia, pesa zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala siku ile ile zilipotumwa. Hatukuwa na kitu cha kurudisha. Akatuuliza swali moja tu: "Sasa mimi nitamwambia nini Mzee?"

Makala haya tunakuandikia wewe unayeshika simu kwa niaba ya mgeni aliyestaafia hapa kwetu: mke, mkwe, mtunza nyumba au jirani mwema. Kibali ni cha mzee, lakini kidole kinachobonyeza ni chako.

Jua mzee yuko kwa karatasi gani

Wengi huchanganya mambo matatu, na matapeli wanaupenda sana mchanganyiko huo.

Kuna ruhusa ya kuingia. Tangu Januari 2024 wageni wengi huja kwa eTA, iliyochukua nafasi ya viza. Hiyo inamleta mtu kama mgeni wa matembezi. Anaweza kuomba aongezewe muda, lakini hawezi kustaafia nayo.

Kuna kibali cha kuishi. Kwa mstaafu asiyefanya kazi, kibali kinachojulikana ni cha daraja la K. Mwombaji awe na miaka 35 au zaidi, na aonyeshe mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 kwa mwaka, kwa mfano pensheni kutoka kwao. Mwenye kibali hiki haruhusiwi kuajiriwa. Ndiyo maana barua ya pensheni na taarifa za benki zina uzito sana kwenye ombi lake. Akiwa ameoa au ameolewa na Mkenya, zipo njia nyingine, na baada ya miaka 3 ya ndoa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu.

Halafu kuna kadi ya mgeni, ile ambayo wengi huiita alien ID. Hii ni ya kusajiliwa, na kila mgeni anayekaa zaidi ya siku 90 anatakiwa awe nayo. Lakini kadi si kibali. Zitazame tarehe zote mbili, na ile inayokuja mapema ndiyo uiandike kwenye kalenda ya jikoni.

Malipo ni mara mbili, si mara moja

Hapa ndipo mama wa Watamu alipoumia. Kijana alimwambia alipe kila kitu mwanzo. Idara ya Uhamiaji haifanyi hivyo.

Malipo ya kwanza ni ya kushughulikia ombi. Ukishalipa, hayarudi, hata ombi likikataliwa. Malipo ya pili, ambayo ndiyo makubwa, ni ya kutolewa kibali, na hulipwa baada ya ombi kukubaliwa. Hesabu yake hufuata miaka ya kibali.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Lipa yote sasa, approval inakuja," ujue hapo hapo kuna shida. Hakuna bili ya kibali ambacho bado hakijakubaliwa.

Namna ya kulipa bila kupoteza

1. Ombi liwe kwenye akaunti ya eCitizen ya mzee mwenyewe, na barua pepe yake mwenyewe. Ukimsaidia kujaza, kaeni pamoja. Asijaziwe na mtu wa saiba akaondoka na nywila.

2. Subiri bili itoke ndani ya akaunti hiyo. Soma jina la mwombaji, huduma na kiasi. Kama ni dola, angalia kiasi cha shilingi kilichoandikwa kwenye bili, usikisie.

3. Malipo ya serikali kwa simu yanapitia Paybill 222222. Nambari ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili. Inakili kama ilivyo, usiweke jina la mzee wala nambari ya pasipoti.

4. Soma jina la anayelipwa kabla ya kuthibitisha. Likitokea jina la mtu, hata kama anaitwa afisa, simama hapo.

5. Bili ikizidi shilingi 250,000, haitapita kwa simu mara moja, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha juu cha muamala mmoja. Usianze kuigawa kwa simu za marafiki. Mzee atumie kadi yake au benki kupitia ukurasa ule ule wa bili.

6. Ukimaliza, rudi kwenye akaunti uhakikishe bili inasoma imelipwa. Pakua risiti, ichapishe, na uiweke pamoja na pasipoti. Ujumbe wetu wa simu pia usiufute. Risiti hiyo inamlinda mzee kwa afisa, na inakulinda wewe kwa mzee na kwa watoto wake walio ng'ambo.

Laini ya simu nayo ina mambo yake

Wastaafu wengi huenda kwao miezi kadhaa, na laini ya Kenya hulala kwenye droo. Siku ya kuingia kwenye akaunti, nambari ya uthibitisho inatumwa kwa laini iliyozimwa. Kabla mzee hajasafiri, hakikisha laini itaendelea kufanya kazi. Na kama amepata pasipoti mpya, apite dukani kwetu na pasipoti hiyo tumbadilishie taarifa za usajili. Inabidi aje mwenyewe. Hata ukiwa umemtunza miaka 20, hatuwezi kukufanyia kwa jina lake.

PIN yake pia ni yake. Kama mnatumia simu yako kulipia, sawa, lakini pesa za kibali ziingie siku ya kulipa na zitoke siku hiyo hiyo, zisichanganyike na za sokoni.

Ukishatuma kwa tapeli

Tupigie dakika hiyo hiyo, kabla ya kumpigia yeye tena. Pesa zikiwa bado kwenye akaunti yake, tunaweza kujaribu kuzizuia. Zikishatolewa, kinachobaki ni polisi. Nenda kituoni na nambari ya muamala, uandikishe.

Kisha mwambie mzee, leo. Tunajua ni neno gumu, lakini tarehe haingoji aibu yako iishe. Kukaa nchini bila kibali ni kosa la jinai, na kila siku inayoongezeka inamweka pabaya zaidi. Ni heri afike mwenyewe ofisi ya Uhamiaji, iwe Mombasa au Nyayo House pale Nairobi, akiwa na pasipoti, kibali cha zamani na stakabadhi ya polisi, kuliko kukutwa uwanja wa ndege.

Yule mama alimwambia. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza gari la Mombasa linaondoka saa ngapi. Walienda wote wawili. Ombi sasa liko kwenye akaunti ya mzee, na malipo ya kwanza yamelipwa upya. Anasema safari hii alisoma jina kwenye skrini mara tatu kabla ya kubonyeza, na mzee alikuwa amekaa pembeni akimngoja.

Ushauri wetu ni uanze miezi 3 kabla ya tarehe kuisha. Ukikwama kwenye malipo, pita duka letu lolote na bili yako mkononi tukusaidie kuisoma. Hatutakuuliza PIN, na hatutakutumia kwa mtu.