Mimi Si 'Eng.', Mimi Ni Fundi

Jumapili Kibuye hakuna pa kuweka mguu. Mitumba huku, makochi kule, spika zinapiga kelele hadi barabarani. Mimi nilikuwa kwa mchoraji wa mabango, nina pesa ya bango moja tu na swali moja: niandike nini mbele ya jina langu?

"Omera, weka 'Eng.'," akaniambia. "Hiyo inavuta wateja."

Nilikaribia kukubali. Niliacha chuo kabla ya kumaliza diploma, na hiyo kitu bado inaniuma. Natengeneza simu: skrini, betri, tundu la chaji, programu zilizogoma. Kijiweni wamezoea kuniita Injinia. Ni utani, lakini nani hapendi heshima?

Mama mmoja ambaye hununua chaja kwangu akasikia. "Nyathina, kumbe wewe ni injinia? Basi njoo unifungie stima kwa nyumba yangu kule Manyatta."

Nikanyamaza. Stima ya nyumba si skrini ya simu. Waya ukifungwa vibaya, nyumba inaungua na watu wakiwa ndani. Na kazi hiyo inataka fundi mwenye leseni ya EPRA. Yule mama hakuwa anatania. Aliamini neno.

Sheria nayo haitanii. Tangu Sheria ya Wahandisi ya 2011, huwezi kujiita injinia kikazi Kenya bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi, EBK. Wanataka digrii inayotambulika, uzoefu kazini na kupimwa na wenzako. Kuandika 'Eng.' tu kwa bango ni kosa.

Lakini usidhani bila digrii huna jina. Mwenye diploma ya uhandisi anaweza kusajiliwa kama fundi sanifu na KETRB, bodi iliyoundwa na sheria ya 2016. Na kama ulijifunzia kazi kwa banda la jua kali, kuna mitihani ya NITA: unaanza Gredi ya 3, unapanda hadi ya 1. Hapo unapimwa kwa mikono yako, si kwa mdomo.

Shida yetu ni kuona 'fundi' kama tusi, ati ni mtu wa "kuja kesho". Na bado mchezaji akipiga chenga tamu, mtangazaji anamsifu: huyo ni fundi! Neno halina makosa. Sisi ndio tumelichafua kwa kuchelewesha kazi za watu.

Kwa hivyo ukichagua jina la kazi, jiulize: mteja akiliamini neno hili lote, nitaweza kazi atakayoniletea?

Mama nilimwelekeza kwa fundi wa stima mwenye leseni. Bango langu sasa linasema: FUNDI WA SIMU. SKRINI, BETRI, CHAJI. Mchoraji alicheka, ati nimejishusha. Lakini Gredi ya 3 nimeanza kuiwekea akiba, na siku nikiipata, nitaiongeza hapo chini.

Na wewe, bango lako linasema nini?