Muuguzi Mpya Asiachwe Peke Yake

Binti akitoka chuoni na cheti chake, sisi wazazi humwona amekwisha kuwa muuguzi. Wodini mambo ni mengine.

Hapa Rusizi, katika hospitali kama Gihundwe na Mibilizi, wauguzi wa zamani walisomeshwa kwa Kifaransa. Tangu serikali ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, vijana huja na maneno mengine. Mgonjwa naye huenda amevuka mpaka kutoka Bukavu, aeleza maumivu yake kwa Kiswahili. Kipimo cha dawa kikisikiwa vibaya, anayeumia ni yeye.

Yafaa basi mgeni apewe mkubwa mmoja wa kumwongoza miezi ya mwanzo, wala si kila zamu mtu mwingine. Ahesabu matone ya dripu mbele yake. Arudie kipimo kwa sauti kabla ya kupiga sindano. Aulize bila kuchekwa. Sisi tuliosomea ualimu twalikumbuka darasa letu la kwanza, magoti yakitutetemeka. Lakini somo lililoharibika Jumatatu, mwalimu hulirudia Jumanne.

Nasi nyumbani, akirudi asubuhi amenyamaza, tumpe uji na maji ya kuoga. Tusimtume sokoni Kamembe kabla hajalala.