Rekodi za Chai na Waliozilipia

Mbio za chai zilizokaribiana kuliko zote ni za mwaka 1866. Merikebu za matanga Taeping na Ariel, zikiwa zimepakia chai, ziliondoka Fuzhou, China, mwishoni mwa Mei, na baada ya siku 99 baharini zikaingia London siku moja. Taeping ilitangulia kutia gati kwa dakika 28 tu! Habari hizo huelezwa kwa mbwembwe, lakini malipo ya chai yenyewe hayatajwi sana.

Kwa miongo mingi Waingereza waliilipia kwa afyuni iliyolimwa India. Juni 1839, huko Humen, afisa wa China Lin Zexu aliamuru zaidi ya tani 1,000 za afyuni zimwagwe kwenye mahandaki, zikorogwe na chumvi na chokaa, kisha zisukumwe baharini. Sijui shehena nyingine ya biashara hiyo iliyoharibiwa kwa uchungu mkubwa hivyo. Uingereza ilijibu kwa vita, na mwaka 1842 ikakabidhiwa kisiwa cha Hong Kong.

Mnada wa chai uliodumu zaidi ulikuwa wa London, kuanzia 1679 hadi Juni 1998. Leo mnada unaotajwa kuwa mkubwa zaidi kwa chai nyeusi uko Mombasa.

Rekodi nyingine ya chai ni ya walionyimwa uraia huko Ceylon, Sri Lanka ya leo. Sheria ya mwaka 1948 iliwaacha bila nchi Watamil wapatao 700,000, wengi wao watoto na wajukuu wa vibarua walioletwa kutoka kusini mwa India kufanya kazi kwenye mashamba ya chai.

Rekodi inayoniumiza zaidi ni ya Kericho, Kenya, nayo ni ya kusubiri. Wakipsigis, wenyeji wa huko, walinyang'anywa ardhi yao na wakoloni Waingereza, na sehemu kubwa ikageuka mashamba ya chai ya kampuni za Kiingereza. Ukoo wao wa Talai, uliokuwa na viongozi wa kiroho wenye sauti, ulitungiwa sheria yake peke yake mwaka 1934. Watu wapatao 700, wazee kwa watoto, walihamishiwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, penye ukame, mbu na mbung'o. Waliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1960, chai ilikuwa imeshatanda kwenye ardhi yao. Mwaka 2022, karibu miaka 90 tangu wafukuzwe, waliishtaki Uingereza kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Wanataka waombwe radhi na walipwe fidia.