Mkono wa mtoto uliovunjika usikazwe

LIKIZO ya mwisho wa mwaka hupatana na msimu wa maembe katika pwani ya kusini. Watoto wa Mombasa na Nairobi wanaopelekwa kwa babu na nyanya zao Vanga, Lungalunga au Msambweni hujifunza kupanda miti siku hizo hizo, na baadhi yao huanguka. Mtoto aangukapo hutanguliza mkono, na mfupa hukatika juu kidogo ya kiwiko, mahali ulipo mwembamba. Ajali hii huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 8.

Mfupa wenyewe si wa kuogopesha sana. Kwa mtoto huunga upesi, aghalabu kwa majuma 3 au 4. Hatari ni kwamba mbele ya kiwiko hupita mshipa mkubwa wa damu pamoja na neva za vidole, na ncha ya mfupa yaweza kuvibana. Hata visipoguswa, mkono huvimba.

Misuli iliyo kati ya kiwiko na kiganja imezungukwa na utando mgumu usiotanuka. Uvimbe ukizidi ndani yake, damu haipiti. Mtu akija akaufunga mkono huo kwa vibanzi na kukaza "ili mfupa usicheze", ameongeza ukuta wa pili. Misuli ikikosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa, na iliyokufa hairudi. Husinyaa, ikavivuta vidole vikajikunja kama kucha za ndege. Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliueleza ulemavu huu mwaka wa 1881, na lawama akazitupia bendeji zilizokazwa. Leo twajua kuwa uvimbe peke yake waweza kuuleta, na plasta ya hospitali pia ikibana.

Sina ugomvi na wazee wanaounga mifupa. Wapo wenye mikono myepesi. Ila kiwiko cha mtoto si cha kukisia. Kinataka picha ya eksirei.

Dalili ya kwanza ni maumivu. Mtoto aliyefungwa vizuri hutulia. Anayezidi kulia, hasa ukimnyosha vidole polepole, yumo hatarini hata kama vidole vingali na joto na mpigo wa damu wasikika kwenye kifundo cha mkono. Wazazi wengi husema, "Avumilie, mfupa huuma," wakangoja vidole viwe baridi na vife ganzi. Hapo mara nyingi wamekwisha chelewa.

Ukiona hivyo, fungua kila kitu hadi ngozi ionekane. Ikiwa ni plasta, rudi hospitali usiku huo huo ipasuliwe. Usingoje siku ya kliniki. Mkono ukae usawa wa moyo.

Na mtoto aangukapo, usimvute wala kumkanda. Vua bangili au hirizi kabla ya uvimbe. Acha kiwiko kilivyo, kiegemeze kwenye gazeti lililokunjwa, ufunge leso kwa ulegevu. Asile njiani, huenda akatiwa usingizi. Kutoka Vanga utapitia Lungalunga hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Msambweni. Akihitaji zaidi, atapelekwa Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Ukihesabu zile saa 6, hesabu na safari.

Mfupa usiosogea hutiwa plasta tu. Uliosogea hurudishwa mtoto akiwa amelala, ukashikizwa kwa pini nyembamba. Misuli ikiwa imebanwa, daktari hupasua ule utando. Jeraha lake ni kubwa, na wapo wazazi wanaosita kutia sahihi. Tafadhali tia, jeraha hilo hufungwa baadaye.

Plasta ikitolewa kiwiko huwa kigumu. Usimpeleke mtoto kukandwa wala kunyoshwa kwa nguvu, maana mfupa mpya waweza kuota ndani ya misuli na kukifunga kabisa. Mwache acheze na avae shati mwenyewe. Kwa wengi kiwiko hulegea chenyewe katika miezi michache.