Msitu Unaoishi kwa Mafuriko ya Tana

Kati ya Garissa na Garsen nchi ni kavu. Vichaka vya migunga vimetawala, na mvua haitoshi kuotesha msitu. Lakini kandokando ya Mto Tana imesimama mikuyu mikubwa na mikindu, miti isiyoweza kukaa mwaka mzima bila maji. Maji hayo hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, husafiri karibu kilomita 1,000, na njiani hupenya chini ya kingo mpaka kwenye mizizi. Ndiyo maana msitu wenyewe ni mwembamba: upe mto mgongo, utembee, na mara nyingi kilomita moja haijaisha utakuwa umekwisha toka kivulini na kuingia kwenye miiba.

Mto huohuo pia huubomoa msitu. Huku chini nchi ni tambarare, nao hujipindapinda. Penye kona, maji ya upande wa nje huenda kasi na kula ukingo hadi mkuyu wa miaka mingi unaporomoka. Upande wa ndani maji hutulia, yakaacha mchanga na tope. Litazame fungu hilo mafuriko yanapopungua: miche ya mpopla wa Tana huchipua pale karibu na maji, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyokuta iliyotangulia, mikubwa zaidi. Mti huu, ambao Wapokomo huuchonga mitumbwi, huota penye udongo mpya na jua kali. Kivuli cha wakubwa wake hauwezi kukivumilia.

Mafuriko hufuata mvua za masika na za vuli. Wapokomo hulima mpunga na ndizi kwa unyevu wake, na Waorma huteremsha ng'ombe kwenye malisho ya delta kiangazi kinapobana.

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, mtoni juu zaidi ya mengine katika msururu wa mabwawa ya umeme ya Seven Forks. Tangu hapo mafuriko mengi hufika yakiwa yamepungua nguvu, na tope jingi hubaki nyuma ya kuta. Mikuyu mizee bado imesimama, na mgeni huona msitu mzima. Upungufu uko kwenye miche. Katika msitu huu wanaishi kima wa aina mbili wasiopatikana porini kwingine kokote duniani: mbega mwekundu wa Tana, na ngolaga wa Tana anayependa mno matunda ya mkindu. Hifadhi yao ilitangazwa mwaka 1976, ila mpaka wa kwenye ramani hauleti maji.

Kwa maoni yangu, kila bwawa jipya katika mto huu, likiwemo la High Grand Falls linalopangwa, lijengwe na milango ya chini ya kuachia maji pamoja na tope kwa msimu, kwa wingi wa kufika hadi mikoko ya Kipini. Na wanaoishi huku chini watangaziwe siku kadhaa mapema, wavune na kuhamisha mifugo kabla maji hayajafika.