Je, Wajua? Mwonekano Mmoja, Modeli Nyingi

Je, wajua kwamba katika ASP.NET MVC, mfumo wa Microsoft wa kujengea tovuti uliotoka rasmi mwaka 2009, faili la mwonekano hutangaza aina moja tu ya modeli, yaani taarifa litakazoonyesha? Tamko @model likiandikwa mara mbili, ukurasa hugoma kufunguka.

Lakini ukurasa wa shule huweza kuhitaji taarifa za mwanafunzi, masomo yake na ada anayodaiwa kwa pamoja. Dawa yake ni kuunda klasi moja inayozibeba zote, kama sinia linavyobeba wali, mchuzi na kachumbari. Klasi hiyo huitwa ViewModel. Njia ya mkato ni ViewBag, mfuko wa kubebea taarifa hadi kwenye mwonekano, ila humo jina likikosewa herufi, kosa hujificha hadi ukurasa ufunguliwe. Ndiyo maana klasi ni salama zaidi: kihariri hukuonya ungali unaandika.

Django, mfumo mwingine wa kujengea tovuti, haina kikwazo hicho cha modeli moja. Mwonekano wake hukabidhi kiolezo kamusi yenye modeli kadhaa.

Wazo la MVC lenyewe, yaani kugawa programu katika modeli, mwonekano na kidhibiti, lilibuniwa mwaka 1979 na Trygve Reenskaug wa Norwei, akiwa Xerox PARC, California.