Unanunua simu ya mtumba? Ikague IMEI kwa kalamu kwanza

Bonyeza *#06# kwenye simu yako sasa hivi. Itatokea namba ndefu ya tarakimu 15, inaitwa IMEI. Simu ya laini mbili italeta namba mbili. Hiki ni kitambulisho cha simu yenyewe, si cha laini, hivyo hata ukibadilisha laini mara kumi chenyewe kiko palepale.

Wengi waliisikia namba hii mwaka 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozima simu bandia usiku wa kuamkia Juni 17. Ukiwa Issenye, wilayani Serengeti, umeuza mbuzi ili ununue simu ya mtumba, halafu ikawa bandia, hiyo ni hasara ya kweli.

Sasa, namba hiyo ina ujanja wa hesabu ndani yake. Tarakimu 8 za mwanzo zinaonyesha aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja tu. Ya 15 haielezi chochote kuhusu simu. Inapatikana kwa kukokotoa zile 14, na kazi yake ni kuzilinda.

Tuchukue mfano: 490154203237518. Kuanzia kushoto, zidisha kwa 2 tarakimu ya 2, ya 4, ya 6, hivyohivyo hadi ya 14. Jibu likizidi 9, jumlisha tarakimu zake: 9 mara 2 ni 18, na 1 jumlisha 8 ni 9. Utapata 9, 2, 8, 0, 4, 5 na 2, jumla 30. Zile ulizoruka, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, zinaleta 22. Tayari una 52. Ongeza ya mwisho, 8, inakuwa 60.

Jumla ikiishia na sifuri, namba imekaa sawa. Isipoishia na sifuri, imekosewa au mtu kaibuni.

Mbinu hii ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM mzaliwa wa Ujerumani, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1960. Kadi za benki nazo zinaitumia. Ukikosea tarakimu moja, yoyote ile, inakukamata. Ukigeuza mbili zinazofuatana, 12 ikawa 21, inakukamata pia. Inapitiwa na 09 ikigeuzwa 90 tu, kwa sababu 9 ikizidishwa hurudi kuwa 9 na 0 hubaki 0.

Ila wajanja wana pa kupitia. Anayebahatisha tarakimu hupatia mara moja katika kumi. Na aliyenakili IMEI ya simu halali akaiweka kwenye bandia, namba yake itapita vizuri kabisa. Hesabu inaumbua namba mbovu, haithibitishi simu.

Kwa hiyo ikipita kwenye karatasi, itume kwa meseji kwenda 15090. Utajibiwa namba hiyo ni ya simu ya aina gani. Jina likija tofauti na simu uliyoshika, rudisha hela mfukoni.